Bibi wa Watu Aliyeolewa na Shamba

Baba mdogo wangu amemwagia maji mteja mmoja tu katika maisha yake, na huyo alimmwagia kwa nia njema.

Duka letu la uchapaji liko Songea mjini, hatua chache kutoka sokoni. Mimi napanga maandishi kwenye kompyuta, baba mdogo anachapa, na mkewe, mama mdogo, anauza chai na vitumbua hapo kibarazani ili wateja wasichoke kusubiri. Baba mdogo alifundishwa kazi na wamisionari ujanani, enzi za herufi za madini ya risasi zilizookotwa moja moja na kupangwa kinyumenyume. Huko alipata vidole visivyotetemeka, na pia alijifunza kuchukia uchafu kwenye karatasi. Kadi ya harusi ikitoka na kidoa cha ukubwa wa kichwa cha sindano, halali. Anaitupa, anafuta mashine yote, anaanza upya. Kuna bwana harusi mmoja wa Ruhuwiko ambaye wageni wake walipata kadi siku mbili baada ya kula pilau.

Mteja mwenyewe aliingia asubuhi ya baridi, ile baridi yetu ya Juni ambayo watu huvaa makoti ya mitumba mpaka adhuhuri. Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, kavaa kanzu ya buluu yenye mikono mipana ya kutosha kushona mapazia ya nyumba nzima. Alimwona baba mdogo na mvi zake nyuma ya mashine. Akaenda chini. Hakuinama wala kupiga goti. Alilala kifudifudi, kifua na kidevu kwenye sementi, mikono imenyooka.

"Amezimia!" alisema baba mdogo, na kabla sijazunguka meza alikuwa ameshainyanyua ndoo ya maji ya kusafishia mashine na kuimwaga yote.

Yule mtu alitetemeka pale chini kama samaki. Kisha akasema kwa Kiswahili safi cha Tunduru, "Baba, wallahi, nilikuwa nakusalimia tu."

Tulimvua kanzu, tukamvisha koti la baba mdogo lililoishia kwenye viwiko vyake, mama mdogo akampa chai ya tangawizi, na hapo ndipo alipojieleza. Alikuwa Myoruba kutoka Nigeria. Miaka mingi sasa ananunua mawe ya vito Tunduru na amepanga nyumba huku Ruhuwiko. Kwao mwanamume akimwona mzee hulala chini kumwamkia. Tunduru alijizuia kwa sababu kila akilala, wachimbaji walidhani ameona jiwe sakafuni, nao wanalala pembeni yake kutafuta.

"Lakini mvi zako, Baba, zimenizidi nguvu."

"Huku shikamoo inatosha," alisema baba mdogo, ambaye bado alikuwa ameshika ndoo. "Tena ukiwa umesimama."

Alichokuja kutafuta ni kijitabu. Bibi yake, mama mzaa baba, alikuwa anatimiza miaka tisini, na ukoo mzima ulikuwa unakutana. Alitueleza kwamba kwao sherehe haihesabiwi kama hakuna kitu kilichochapwa. Binamu mmoja atakuja na kalenda za ukutani zenye sura za wazee wote wa ukoo katika vidirisha vidogo vya mviringo. Mwingine atagawa vipepeo vya kujipepea vyenye picha ya bibi. Wa tatu, aliye tajiri, ataleta sabuni zilizochapwa jina. Na yeye? Yeye walishasema amepotelea porini na mawe yake.

"Nataka waone kwamba nilipo pana mashine," alisema. "Kijitabu cha maisha ya bibi na babu, kwa Kiyoruba, na mwishoni ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu mimi na Tunduru. Nimekiandika mwenyewe. Nakala mia moja na hamsini."

Baba mdogo alimwuliza babu alikuwa nani. Mteja akafurahi mpaka koti likachanika kwapani. Babu yake, alisema, alikuwa mpanga herufi kwenye kigazeti cha Kiyoruba huko Lagos. Kusikia hivyo, baba mdogo alizima mashine. Hajawahi kuizima kwa ajili ya mtu. Aliizima, akavuta kiti, akasema, "Herufi za risasi?"

"Za risasi, Baba."

Asubuhi yote ikaishia hapo. Mteja alitusimulia jinsi wamisionari kule kwao walivyoanza kuchapa gazeti kwa Kiyoruba zamani sana, na baadaye wenyeji wenyewe wakaanzisha yao, moja baada ya jingine, mengine yakifa kabla wino haujakauka. Upande mmoja wa ukurasa Kiyoruba, upande mwingine Kiingereza. Wasomaji waliandika barua za kugombana kuhusu kila kitu: nani mstaarabu, nani mshamba, nani anajidai. Wana neno lao, *ọ̀làjú*, maana yake macho kufunguka, na wenye magazeti waliamini macho ya mtu yanafunguliwa na karatasi. Gazeti la babu lilikuwa linawasema watu wanaovaa suti za sufu kwenye joto la Lagos na kusahau salamu za kwao. Halafu ukigeuza ukurasa unakuta tangazo la suti za sufu.

"Hapa kwetu," alisema baba mdogo, "macho yalifunguka kwa viatu. Baba yangu alivibeba mkononi mpaka mlango wa kanisa."

"Babu alivaa kimoja," alisema mteja. "Kingine kilimbana."

Tatizo kubwa la babu lilikuwa nukta. Kiyoruba kina herufi zenye nukta chini yake: o yenye nukta si o isiyo na nukta, sauti zake ni mbali kabisa. Mashine zilitoka Ulaya bila nukta hizo. Magazeti mengine yaliziacha na kumwachia msomaji abahatishe. Wengine wakataka kijistari badala ya nukta, na barua za matusi zikaandikwa. Babu, kwa mujibu wa mjukuu wake, alikuwa anakwangua vituo vikuukuu, zile nukta za mwisho wa sentensi, kwa tupa na kuvibana chini ya herufi kimoja kimoja, na hakuna aliyemshukuru.

Nilichukua kazi. Kompyuta yetu haikuwa na nukta hizo pia, nikahangaika siku tatu kutafuta aina ya herufi inayozikubali, na juu ya herufi nikaweka zile alama za kupanda na kushuka kwa sauti, kama alivyoziandika. Nikachapa kurasa zote kumi na mbili kwenye karatasi nyeupe za mfano, zile ambazo baba mdogo huzilisha mashine ili itoe nakala. Zilipendeza. Kisha nikapata habari kwamba dada yangu amejifungua hospitali ya Peramiho, nikafunga mkoba.

"Baba mdogo," nilimwambia mlangoni, "herufi zao zina alama. Usishangae."

"Nimeziona," alisema. "Sijazaliwa jana, mwanangu."

Nilikaa Peramiho siku mbili nikipakata mtoto. Niliporudi saa sita mchana, umeme ulikuwa umekatika, mama mdogo alikuwa anakaanga vitumbua, na baba mdogo alikuwa amekaa kibarazani, mikono kifuani, ametulia mno. Ndani, vijitabu vyote mia moja na hamsini vilikuwa vimeshachapwa, vimekunjwa na kubanwa pini.

"Kazi ilikuwa chafu sana ile," aliniambia. "Kompyuta yako inatema. Kila mstari vidoa, chini ya herufi, vidoa, vidoa. Nimekaa na wembe na wino mweupe wa kufutia tangu juzi asubuhi. Kimoja kimoja. Jana jioni nimepata karatasi safi kabisa, leo nimechapa."

Nilifungua kijitabu kimoja. Nikafungua kingine. Nikakaa juu ya boksi la karatasi.

"Na zile za juu ya herufi?" niliuliza.

"Za juu ni alama, nimeziacha. Hata vitabu vya Kilatini pale misheni vilikuwa nazo. Alama ya maana inakaa juu, mwanangu. Kinachokaa chini ni uchafu."

Hapo hapo mteja aliingia. Safari hii aliamkia akiwa amesimama, ingawa magoti yalimsaliti kidogo. Basi lake la Dar lilikuwa alfajiri ya kesho, halafu ndege. Alikuwa na furaha kubwa, na kwa sababu ya furaha hiyo alikuwa tayari amempigia simu ya video baba yake mkubwa, mwalimu mstaafu, mzee mwembamba aliyevaa miwani miwili kwa wakati mmoja. Kwao, alitunong'oneza, huyu mzee hurudisha barua za watoto wake zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu.

Aliweka simu juu ya mashine, akafungua ukurasa wa kwanza mbele ya kamera, na mzee akaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Alisoma mstari mmoja. Akausoma tena polepole. Kisha akavua miwani moja.

"Anasemaje?" aliuliza baba mdogo, akisubiri sifa.

Mteja alikuwa ameinamia kijitabu. Kidole chake kilikuwa kinatembea chini ya maneno, kikitafuta kitu kisichokuwepo. "Anauliza," alisema, "kwa nini bibi ameolewa na shamba."

Ikabidi atueleze. *Ọkọ*, na nukta zake mbili, ni mume. Ukiziondoa nukta, *oko*, ni shamba. Na kijitabu kizima kilikuwa kinahusu mume wa bibi.

Mzee kwenye simu hakuwa na huruma. Aliendelea kusoma, mteja akatafsiri, kwa sababu baba mdogo alimwamuru atafsiri. Bibi alipokuwa msichana alitafutiwa shamba na wazazi wake. Shamba lenyewe lilikuwa refu, jeusi, pole, lenye sauti nzuri. Siku ya harusi shamba lilimshika mkono mbele ya watu wote. Alizaa na shamba watoto saba. Shamba lilikuwa na wivu kidogo, lakini halikunywa pombe.

"Halikunywa," alirudia mama mdogo kutoka mlangoni, kijiko cha mafuta mkononi. "Basi amebahatika."

Ukurasa wa saba mteja alisita. Mzee aliusoma mara moja tu, akafunika uso kwa kiganja, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Tafsiri," alisema baba mdogo.

"Baba, hapo siwezi. Kuna akina mama."

"Mimi nimezaa sita," alisema mama mdogo. "Tafsiri."

Hakuweza. Aliandika maneno kwenye kiganja chake, akatuonyesha mimi na mama mdogo tukiwa mbali. Babu alipostaafu uchapaji alianza kulima. Jembe kwao ni *ọkọ́*. Baba mdogo aliondoa nukta za chini na kuiacha ile alama ya juu, kwa heshima, na neno lililobaki ni kile kitu cha mwanamume ambacho hakitajwi mbele ya mkwe. Hatimaye mteja alimvuta baba mdogo pembeni na kumnong'oneza sentensi nzima sikioni: kwamba kila asubuhi babu alikuwa anakiweka begani na kupita mtaani akiwasalimia majirani.

Baba mdogo alivua miwani.

"Begani?" aliuliza.

"Begani, Baba."

Mama mdogo ilibidi aende nje. Tulimsikia akicheka mpaka vitumbua vikaungua.

Baba mdogo hakucheka. Nilimwona anazeeka hapo hapo. Maisha yake yote alikuwa anasafisha, na sasa alikuwa amesafisha mume wa mtu. Alikwenda mbele ya simu, akasimama wima kama mwanafunzi, akamwambia yule mzee wa Nigeria kwa Kiswahili, "Mwalimu, nimekosa." Mzee hakujua neno hata moja la Kiswahili lakini alilielewa. Alijibu maneno mengi, na mteja akatafsiri: hata gazeti la babu liliwahi kutoka bila nukta, msomaji mmoja akaandika barua kuuliza kama mhariri naye hupaliliwa na mkewe.

Kuchapa upya haikuwezekana bila umeme, na umeme wenyewe, kwa jinsi tunavyoufahamu, ungeweza kurudi baada ya nusu saa au Jumanne. Baba mdogo ndiye aliyesema: "Nitazirudisha kwa mkono."

Basi tukakaa kibarazani wanne, kwenye mwanga wa jua, kila mmoja na kalamu ya wino mweusi na rundo lake. Nilibandika ukutani kurasa zangu za awali, seti ya pili niliyoichapa kwa bahati kabla ya safari na kuiacha kwenye droo, tukawa tunaangalia na kudonoa. Mama mdogo alitumia njiti ya kiberiti. Mteja alikuwa na mkono mzito, nukta zake zilifanana na kunguni. Lakini baba mdogo! Vidole vile vilivyopanga risasi havikuhitaji hata kuangalia ukutani baada ya nakala ya tatu. Alikuwa anatembea kwenye mistari kama cherehani, tk, tk, tk, huku midomo yake ikitamka Kiyoruba asichokijua. Kila akifika kwenye neno la jembe alisimama kidogo, akaweka nukta mbili kwa uangalifu, akapuliza zikauke.

Watu wanaokwenda sokoni walisimama kuuliza. Mama mdogo aliwajibu kwamba tunamrudishia bibi mmoja mume wake. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyehamia kutoka Mwanza alinunua chai, akaangalia robo saa, akasema hajawahi kuona ofisi ya serikali inayofanya kazi kwa bidii namna hii. Hatukumsahihisha.

Jua lilipokaribia kuzama, mteja alifungua nakala moja ya baba mdogo kuikagua. Alikagua, akatabasamu, akafika ukurasa wa mwisho, akakunja uso.

"Baba. Huu ni wa Kiswahili."

Baba mdogo alikuwa amezoea mno. Ukurasa wa Kiswahili, ule wa Tunduru na mawe, ulikuwa na nukta chini ya kila o na kila e, nadhifu kabisa. Tulihesabu nakala alizopitia. Zilikuwa karibu nusu.

"Nizifute?" aliuliza, mkono ukielekea kwenye wembe.

"Hapana!" tulisema wote watatu.

Aliondoka alfajiri na vijitabu kwenye begi, koti la baba mdogo lililochanika akiwa amelivaa, kwa sababu alikataa kulirudisha. Hatukusikia kitu wiki mbili. Baba mdogo alichapa mitihani ya shule na risiti. Niliona anaacha vidoa vipite. Mara moja nilimwona akikitazama kidoa kwenye tangazo la msiba kwa muda mrefu, halafu akaniita taratibu na kuniuliza, "Hiki kina maana?"

Kisha ikaja video. Uwanja umejaa watu wenye nguo za kitambaa kimoja, ngoma zinaongea, na katikati bibi, mdogo kama kifaranga, ameketi kwenye kiti kikubwa. Mteja alisimulia kwa simu baadaye. Sabuni zilipokelewa vizuri, kalenda pia. Lakini katika vijitabu vyetu kulikuwa na vitatu ambavyo kwa uchovu tulivipita bila kuvitia nukta, na kimoja kikaangukia mikononi mwa binamu tajiri, ambaye alisimama kukisoma hadharani kwa nia ya kukidhihaki. Alifika ukurasa wa saba kabla hajajua anasoma nini. Bibi aliomba arudie. Akarudia. Bibi akasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni kwamba hicho ndicho kijitabu pekee kilichosema ukweli kuhusu mume wake. Vile vitatu visivyo na nukta vikagombaniwa mpaka kimoja kikapasuka.

Ukurasa wa Kiswahili nao ulipata wasomaji. Baba mkubwa, yule mwalimu, aliusoma kwa sauti na nukta zake zote, o zikiwa zimepanuliwa mdomo wazi, na akawatangazia wajukuu kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kiyoruba, kinatofautiana kidogo tu. Mteja alijaribu kumweleza. Mzee alimwambia akae chini, asibishane na kitu kilichochapwa.

Tangu hapo wale wazee wawili wanaandikiana. Baba mdogo anasema kwa Kiswahili, mimi naandika, mteja anatafsiri, na majibu yanarudi. Hawazungumzi hali ya hewa wala afya. Wanagombana kuhusu nukta na kijistari. Baba mdogo sasa ni mtu wa nukta, mkali kuliko Wayoruba wengi.

Na ametuletea balaa nyumbani. Siku moja alisimama mbele ya meza yangu akasema Kingoni cha mama yake hakijawahi kuandikwa sawasawa, kwamba kuna sauti ndani yake ambazo herufi za shule hazizikamati, na kwamba bibi yangu naye anastahili kijitabu. Nilimwuliza alama za sauti hizo zitakaa wapi. "Chini," alisema bila kusita.

Ameandika kurasa kumi na sita. Kila Jumapili baada ya misa dada zake wawili, shangazi zangu, wanakuja kutoka Peramiho kuzisoma. Shangazi mkubwa anashikilia kwamba mama yao hakutamka hivyo hata siku moja, na kwamba alivyoandika kaka yake ni Kimatengo. Shangazi mdogo anasema si Kimatengo, ni meno ya kaka yake yaliyong'oka. Wanaandika masahihisho pembeni, mmoja kwa kalamu ya bluu, mwingine kwa ya kijani, halafu wanasahihishana. Neno la kumwita kuku peke yake lina tahajia tatu, na mama mdogo, ambaye ni Myao, ameongeza ya nne ili tu waondoke mezani chakula kiliwe.

Jumapili iliyopita tulikubaliana kuchapa kurasa nne za mwanzo, ambazo bado hazijapata mpinzani. Niliwasha mashine. Shangazi mkubwa akaomba aangalie kwanza jalada lenye jina la mama yao, akatoa kalamu yake ya bluu.